Meli Glasgow ya Seyyid Barghash: ilikuwa ya chuma au ya mbao? Na maneno ya mafundi

Mkunazini_B

Assalaam alaykum. Tunatayarisha ubao wa maelezo kwa wanafunzi wa skuli kuhusu Glasgow, meli ya Seyyid Barghash iliyozamishwa bandarini Unguja tarehe 27 Agosti 1896. Upande wa vita vya siku hiyo na Waingereza rasimu imekaa sawa. Upande wa meli yenyewe ndio unaopwaya.

Karatasi moja inasema ilikuwa meli ya chuma, nyengine inasema ni ya mbao za msaji. Ipi tuifuate? Halafu, iliundwa mji wa Glasgow kama jina linavyoonesha, au jina tu? Na kazi yenyewe huko mto Clyde, Uskochi, ilikwenda vipi, hatua kwa hatua? Watoto wetu wengi wameona jahazi likiundwa pwani ya Nungwi, kwa hiyo nataka walinganishe.

La mwisho ni maneno. Sitaki kuandika "fremu" na "kili" ikiwa mafundi wetu wanayo yao.

Tezo_Nungwi

Wa alaykum salaam. Nianze na maneno, maana hapo ndipo mbao nyingi za maelezo huharibika.

Mti wa chini unaobeba chombo chote ni mkuku, uwe wa mbao au wa chuma. Unaosimama mbele na kukata maji ni hanamu. Wa nyuma, unaoshika usukani, ni fashini. Vile vya kupinda vinavyopanda kulia na kushoto kutoka mkukuni ni mataruma, kimoja taruma. Ukiandika "mbavu" watoto watafahamu, lakini mtoto akienda kumuuliza fundi habari za mbavu atachekwa. Juu ni sitaha. Ndani chini kabisa, maji yanapokusanyika, ni ngama. Panka inayosukuma meli ni rafadha. Na kule Clyde kuna kitu kinaitwa ribiti, usiandike msumari. Msumari unashika kwa kubanwa na mbao, ribiti ina kichwa pande zote mbili na inavuta vyuma viwili vikae kama kimoja.

Sasa mpango wa kazi. Kwetu fundi analaza mkuku, anasimamisha hanamu na fashini, anafunga mbao za mwanzo kando ya mkuku, anaweka mataruma machache ya kuongoza, kisha anapandisha mbao. Mataruma mengi yanakuja baadaye, kila moja linachongwa kwa tezo mpaka likae juu ya mbao zilizokwisha kufungwa. Karatasi hakuna, vipimo ni shubiri, dhiraa na pima, na jicho ndilo hakimu. Clyde ni kinyume: mataruma yote yanasimama kwanza, chombo kinaonekana kama mzoga wa nyangumi, ndipo kinavikwa.

Sababu imo kwenye malighafi. Taruma letu linatafutwa porini likiwa limekwisha kupinda lenyewe: mtondoo, mkomafi, mchu. Lazima uzi wa mti ufuate mpindo. Ukichukua boriti iliyonyooka ukaikata upinde kwa msumeno, uzi unakatika njiani, na wimbi la kwanza la kusi linaipasua hapo hapo. Kwa kuwa hakuna miti miwili inayopinda sawa, huwezi kukata mataruma yote mapema kwa kipimo cha karatasi. Chuma unakipinda utakavyo.

Ya Clyde yenyewe namwachia anayeyajua.

Fuawe

Karatasi zako zote mbili ziko sahihi, ila kila moja imeona nusu ya meli. Glasgow ilikuwa na mifupa ya chuma na ngozi ya msaji. Mkuku na mataruma unayapa nguvu ya chuma, halafu juu yake unafunga mbao nene kwa bolti. Watoto waandikie hivyo: mataruma ya chuma, mbao za msaji.

Kwa nini wasichague kimoja? Kwenye maji ya joto kama yetu, tumbo la chuma tupu linaota mwani na makombe haraka, meli inapoteza mwendo na makaa ya mawe yanateketea bure. Dawa iliyojulikana wakati ule ni kuvisha tumbo mabati membamba ya shaba nyekundu, au mchanganyiko wa shaba 60 kwa zinki 40. Shaba inayeyuka kidogo kidogo na sumu yake inawafukuza wadudu, pia mdudu anayetoboa mbao hawezi kuipita. Lakini shaba ikigusa chuma ndani ya maji ya chumvi inakuwa betri, na kinacholiwa ni chuma. Kwa hiyo mbao zinakaa katikati kuvitenga. Na kwa nini si mbao tupu? Kwa sababu ya injini. Chombo cha mbao kinajipinda baharini, na mhimili wa rafadha unataka mstari mnyoofu. Ukipinda, unachoma beringi zake, yaani vishikio unamozungukia. Isitoshe taruma la chuma ni jembamba, kwa hiyo nafasi ya ndani inaongezeka.

Kuhusu mahali: haikuundwa mjini Glasgow. Iliundwa Dumbarton, kwenye chelezo cha William Denny na Nduguze, pale mto Leven unapomwagikia Clyde, kilomita ishirini na ushei chini ya mji. Jina limetoka kwingine. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangamiza merikebu za Seyyid Barghash. Baadaye ikaja manowari ya Kiingereza iitwayo Glasgow, na Sultani akaagiza meli kwa mfano wa hiyo. Ikafika 1878, ina injini ya mvuke pamoja na matanga, gharama yake pauni 32,735. Mizinga yake ilikuwa ya kurusha makombora ya ratili 9, ikiongezwa na bunduki ya mitutu mingi ya Gatling. Inasemwa Sultani mwenyewe haikumpendeza sana. Ilikaa nangani zaidi kuliko kusafiri.

Tahadhari moja kabla hujachapisha. Dumbarton kuna tangi refu maarufu la kujaribia vielelezo vya meli, mali ya hao hao Denny, na leo ni makumbusho. Limejengwa 1883. Usiandike kwamba Glasgow ilijaribiwa humo. Ilikuwa imekwisha kutia nanga Unguja miaka mitano nyuma. Kampuni yenyewe ilifungwa 1963.

Hatua za kazi ni hivi. Mchoro mdogo wa karatasi unapelekwa kwenye sakafu kubwa ya mbao iliyopakwa rangi nyeusi, na huko meli inachorwa kwa ukubwa wake halisi. Hii si anasa. Kosa la upana wa mstari wa kalamu kwenye karatasi linakuwa inchi nzima kwenye meli, na sakafuni ndipo linapoonekana na kusawazishwa. Kutoka sakafuni wanakata vigezo vya mbao nyembamba, kimoja kwa kila taruma.

Chuma cha taruma ni cha pembe, umbo la L. Kinaingizwa kwenye tanuri refu mpaka kiwe chekundu urefu wote, kinavutwa kwa koleo hadi kwenye meza ya chuma iliyojaa matundu. Kigezo kimekwisha kuchorwa chaki mezani, na vigingi vya chuma vimechomekwa kufuata mstari. Watu wanakibana kwenye vigingi kwa nyundo na mtaimbo kabla hakijapoa. Wenye uzoefu wanakipinda kupita mstari kidogo, maana kikipoa kinarudi. Pembe ya L nayo lazima ifunguliwe au ifungwe kidogo kidogo kuelekea omo na tezi (mbele na nyuma ya chombo), vinginevyo ubao utalalia ncha tu na bolti haitakaza.

Mataruma yakisimama, yanaunganishwa kwa ribiti na mkuku, na vyuma vya ulalo, na vyuma vya mkanda vinavyopita kwa mshazari juu ya mataruma ili chombo kisilegee. Ndipo zinakuja mbao. Kila tundu linapita ubao na chuma pamoja. Bolti ya mchanganyiko wa shaba inaingizwa kwa nje, imezungushiwa nyuzi za katani zilizopakwa unga mweupe wa risasi, kichwa kinazamishwa ndani ya ubao na kuzibwa kwa kizibo cha mbao, uzi wa kizibo ukifuata uzi wa ubao.

Hapo ndipo ugonjwa wa meli hizi ulipo. Bati la nje limetengwa na chuma, sawa, lakini bolti za shaba zinaligusa taruma. Zibo likivuja, betri ile ile inaanza kazi ndani. Cutty Sark, merikebu ya matanga ambayo nayo ni ya Dumbarton, 1869, imejengwa kwa mtindo huu huu na ipo Greenwich, London, mpaka leo. Mataruma yake ya chuma yaliliwa vibaya, ikahitaji matengenezo ya miaka kadhaa.

Mkunazini_B

Ahsanteni sana, kumbe tungechapisha kosa mara mbili. Mawili yamebaki. Ribiti zilipigwa na watu wangapi, na kila mmoja alifanya nini? Mchoraji wetu anataka kuchora kikosi kizima.

La pili si la ubao. Mwenzetu mmoja aliposoma habari ya shaba akasema basi mashua zetu nazo zivikwe mabati ya shaba chini, deheni (shahamu na chokaa tunayopaka) iachwe. Ni kweli?

Kojani_Maji_Mafu

Hilo la pili mzuie mapema, kabla hajanunua bati. Mashua zetu zimefungwa kwa misumari ya chuma, mingine imechovywa zinki. Ukivika shaba juu ya misumari hiyo, umefanya kile kile Fuawe alichokieleza, ila wewe huna hata hadhari waliyokuwa nayo Dumbarton. Zinki inakwenda kwanza, kisha kichwa cha msumari, kisha shingo. Nje bati litang'ara, ndani mbao hazina kinachozishika. Waliotumia shaba kwenye vyombo vya mbao walifunga kila kitu chini ya maji kwa shaba, mpaka visumari vya kupigilia bati, na chini ya bati wakalaza kitambaa cha sufu kilicholowekwa lami.

Dalili za misumari kuugua zinajulikana: michirizi ya kutu inayoshuka kwenye rangi, mbao kuwa nyeusi na laini kuzunguka kichwa, na ukigonga kwa nyundo ndogo sauti inakuwa butu badala ya kulia. Ukiona hivyo usirudishe msumari mpya tundu lile lile, hautashika. Ziba tundu la zamani kwa kijiti kikavu kilichochovywa mafuta, toboa jipya kwa keekee pembeni yake lakini ndani ya taruma hilo hilo, na usilipange kwenye uzi mmoja na la zamani, ubao utapasuka. Zungushia pamba yenye mafuta chini ya kichwa kabla ya kukigonga mwisho.

Deheni haina ubaya. Yeyusha shahamu, tia chokaa huku ukikoroga mpaka iwe nzito ya kupakika kwa mkono, paka chombo kikiwa kikavu. Ikiwa nyepesi inachuruzika. Chokaa ikizidi inakauka na kubanduka vipande. Kasoro yake ni moja, inaisha, lazima irudiwe kila chombo kinapopwelezwa. Juu ya mstari wa maji ni sifa (mafuta ya papa), si deheni.

Ukitaka nguvu ya shaba bila bati, zipo rangi za kuzuia uchafu zenye chembe za shaba. Kwenye mbao zinafaa, sharti utangulize rangi ya msingi na vichwa vya misumari vizibwe kwa bandiko kwanza. Kwenye boti ya alumini usithubutu. Na mwenye boti ya chuma afunge vipande vya zinki karibu na rafadha, vikilika abadilishe. Wapo wanaopaka rangi juu ya zinki ili ipendeze. Hapo umemfungia mlinzi mlango na yeye yuko nje.

Usisahau kalafati. Chombo kilichokaa juu muda mrefu mbao zimesinyaa, nyufa zinaonekana kubwa, na fundi mwenye haraka anashindilia pamba mpaka mwisho. Kikirudi majini mbao zinavimba, pamba haina pa kwenda, inasukuma mbao zitoke kwenye mataruma. Pamba isokotwe, ilowekwe mafuta ya nazi, ipigwe safu mbili kwa patasi butu, na ibaki nafasi kidogo juu ya kutia bandiko. Siku ya kwanza na ya pili kitavuja. Kiache kivuje, toa maji ngamani.

Fuawe

Kuhusu kikosi cha ribiti: watu watano kwa kawaida, na wawili kati yao wavulana.

Wa kwanza ni mpasha moto, mvulana mwenye tanuri dogo na mvukuto. Anachochea ribiti mpaka zikaribie weupe, zisipite. Ikianza kurusha cheche imeungua, kichwa kitakatika baadaye. Ikiwa nyekundu iliyofifia imepoa, haitajaza tundu. Anaitoa kwa koleo na kuirusha. Wa pili ni mdakaji, anaidaka kwa kopo na kuichomeka tunduni. Wa tatu ni mshikilizi, anakandamiza kichwa kwa nyundo nzito. Upande wa pili wamesimama wapigaji wawili, mmoja wa mkono wa kulia na mmoja wa kushoto, wanapiga kwa zamu mpaka ncha igeuke kichwa. Ndio maana mpigaji wa mkono wa kushoto alitafutwa. Wawili wa mkono mmoja wanagongana.

Ribiti ya robo tatu ya inchi tundu lake linazidi kwa sehemu 1 ya 16 ya inchi, na kutoka ribiti hadi ribiti kwenye maungio yasiyopitisha maji ni mara 4 au 5 ya unene wake, yaani inchi 3 hadi karibu 4. Ikipoa inafupika na kuvuta vyuma pamoja. Ubaya mkubwa ni matundu yasiyokutana. Kikosi kilicholipwa kwa hesabu ya ribiti kina kishawishi cha kulazimisha kwa mtaimbo, na ribiti inakaa kombo. Mkaguzi anaweka kidole upande mmoja wa kichwa na kugonga mwengine; ikitetemeka inatolewa, na malipo yake yanakatwa.

Kelele si jambo la kupita. Mwaka 1886 daktari wa Glasgow, Thomas Barr, alipima masikio ya watengeneza boila 100 na hakupata hata mmoja mwenye usikivu kamili. Ukiwa na nafasi ya sentensi moja ubaoni, hiyo ina haki kuliko idadi ya mizinga.

Ila mchoraji asizidishe. Kwenye Glasgow ribiti zilikuwa za mifupa. Ngozi, kama nilivyosema, ni mbao na bolti. Akichora ubavu wote umejaa vichwa vya ribiti atakuwa amechora meli nyengine.

Mkunazini_B

Sentensi za mwisho kabla ya kupeleka kwa mchapaji: "Glasgow iliundwa Dumbarton, Uskochi, kwa mataruma ya chuma na mbao za msaji. Ilipokwisha ilisukumwa mtoni juu ya magogo kama jahazi. Clyde ni mto mkubwa wenye kina kirefu, ndiyo maana meli nyingi ziliundwa huko." Ipo sawa?

Tezo_Nungwi

Ya kwanza sawa. Ya pili na ya tatu zibadilishe.

Magogo ni yetu. Jahazi tunalishua kwenye bamvua, maji yakiwa yamejaa kabisa, kwa magogo, kamba na watu wengi, maana ukikosea siku maji mafu yanakukuta na utasubiri bamvua jengine, kiasi cha wiki mbili. Meli ya Clyde haiviringiki, inateleza. Inakaa juu ya kitanda cha mbao kinachoserereka kwenye reli za mbao zilizopakwa shahamu na sabuni laini. Shahamu ile ile ya deheni! Siku ya baridi kali inakuwa ngumu na meli inagoma, siku ya joto inakamuliwa kando na mbao zinasuguana hadi zinatoa moshi. Shida yao nyengine kwetu haipo: mto mwembamba. Meli ikishika kasi inaweza kugonga ukingo wa pili, kwa hiyo inafungiwa marundo ya minyororo ili iyaburute na kupunguza mwendo.

Na hicho kina kirefu hakikuumbwa. Karibu na mji wa Glasgow mto ulikuwa wa kuvuka kwa miguu maji yakipwa. Mwaka 1768 John Golborne alishauri wajenge kuta fupi kutoka kingoni ili mkondo ubanwe na uchimbe mchanga wenyewe. Baadaye zikaja mashine za mvuke za kuzoa tope. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Clyde ilikuwa inatoa kama moja ya tano ya tani zote za meli mpya duniani. Andika hivi: "Clyde ni mto ulioongezwa kina kwa kazi ya watu."

Pia kama unataja mabaki, sema yalivunjwa 1912. Wapo wanaowaambia watoto kwamba meli nzima imelala chini pale.

Na mwambie mchoraji: ribiti inachomekwa kwa ndani na kupigwa kwa nje. Mdakaji na kopo lake, pamoja na mshikilizi, wawe ndani ya meli. Wapigaji wawili ndio wawe nje, juu ya jukwaa.